Fomu I-589 ya hifadhi Marekani: tathmini kwa mwombaji anayewaza kwa Kiswahili

Kila anayeomba hifadhi akiwa tayari ndani ya Marekani hupitia Fomu I-589. Ni hiyohiyo kwa aliyeingia na viza ya utalii akaipeleka mwenyewe USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, na ni hiyohiyo kwa aliyekamatwa mpakani akaiwasilisha kwa jaji wa uhamiaji. Ina kurasa 12, sehemu A hadi G, na nyongeza mbili. Tunaipima kama huduma nyingine yoyote: inafanya kazi gani, inagharimu nini, na wapi inamtega mtu ambaye kisa chake kimekaa kichwani kwa Kiswahili. Kipimo chetu ni ombi la msingi wa siasa: mwanachama wa upinzani kutoka Tanzania, mwandishi wa habari wa Burundi, mwanaharakati wa Kampala au Goma.

Hukumu yetu kwanza: sheria iliyo nyuma ya fomu ni bora kuliko fomu yenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya 1980 ilichukua tafsiri ya mkimbizi kutoka Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na Itifaki yake ya 1967, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1987 kwamba hofu inaweza kuwa na msingi hata kama uwezekano wa kudhuriwa ni mmoja kati ya kumi. Huo ni mlango mpana. Ila tangu sheria ya REAL ID ya 2005, afisa au jaji anaruhusiwa kumwona mtu mwongo kwa sababu ya kupishana kwa maelezo hata kwenye jambo dogo lisilogusa kiini cha kisa. Na kisa kinaelezwa mara nyingi: kwenye ombi la viza ubalozini, mpakani au uwanja wa ndege, kwenye fomu, kwenye maelezo ya kiapo, kwenye usaili, na pengine tena mahakamani. Wanaoshindwa si lazima wawe wenye visa dhaifu. Mara nyingi ni wenye visa vya kweli vilivyoandikwa ovyo.

Bei

Kwa miongo mingi fomu hii haikuwa na ada. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 iliweka dola 100 za kuwasilisha, dola 100 nyingine kwa kila mwaka ambao ombi linaendelea kusubiri, na dola 550 kwa kibali cha kazi cha mara ya kwanza. Hakuna msamaha kwa asiye nacho. Viwango hurekebishwa kufuata mfumuko wa bei, kwa hiyo kiasi kisomwe kwenye tovuti ya USCIS siku ileile ya kutuma, si kwenye ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mwaka jana. Ada ya mwaka ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu watu wengi hudhani wakishalipa mara moja wamemaliza.

Kibali cha kazi huombwa baada ya siku 150 tangu fomu ipokelewe, na hakitolewi kabla ya siku 180. Hesabu hiyo husimama kila mwombaji anaposababisha ucheleweshaji: ameomba tarehe nyingine, hakwenda kupigwa alama za vidole, au amefika bila mkalimani. Kanuni za kibali hiki zimekuwa zikilengwa na mabadiliko, nazo zisomwe upya kabla ya kuanza kuhesabu siku.

Kuhusu kasi, hatuna nyota ya kutoa. Tangu Januari 2018 ofisi za hifadhi zimekuwa zikianza na maombi mapya kabisa, hivyo aliyetuma jana huweza kuitwa ndani ya wiki chache, na aliyetuma 2016 akaendelea kukaa foleni. Mwishoni mwa Novemba 2025 USCIS ilitangaza kusitisha maamuzi yote ya hifadhi kwenye ofisi zake. Mahakama za uhamiaji ziko chini ya wizara nyingine na zina mwendo wao.

Mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Ombi la hifadhi lazima lifike ndani ya mwaka tangu kuingia mara ya mwisho, na kinachohesabiwa ni siku lilipopokelewa. Kuna nafuu mbili: hali kubadilika, au mazingira yasiyo ya kawaida, kama maradhi makubwa au kuwa na hadhi halali ya kukaa nchini muda wote huo. Mtanzania aliyekuwa chuoni Marekani kwa viza ya mwanafunzi tangu 2022, akaona yaliyotokea baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, anaweza kujenga hoja kwa njia zote mbili, lakini asikae mwaka mwingine akifikiria. Aliyechelewa bila sababu bado anaweza kuomba, kwa fomu hiyohiyo, kuzuiwa kurudishwa nchini kwake, au ulinzi chini ya mkataba dhidi ya mateso. Huko kiwango cha ushahidi kiko juu zaidi, yaani uwezekano uzidi nusu, na hakuna haki ya kumleta mke, mume wala watoto.

Sehemu A: panapoonekana rahisi

Majina, anwani, shule, kazi, ndugu. Wengi huiharakisha ili wafike kwenye "kisa chenyewe", na ndipo wanapojikwaa. Fomu inataka makazi na kazi za miaka 5 iliyopita, ukianza na ya karibuni. Mtu aliyejificha Arusha miezi minne kabla ya kusafiri huandika anwani yake ya Dar es Salaam mpaka siku ya ndege, kwa kuwa ndiko nyumbani. Kisha kwenye maelezo ya kiapo anasema alikuwa mafichoni. Afisa sasa ana karatasi mbili zenye saini moja, na zinapingana. Maficho ni makazi. Yaandikwe, hata kama ni stoo ya rafiki.

Tarehe huanza na mwezi: 03/04/2021 ni tarehe 4 Machi, si 3 Aprili. Kosa hili dogo limewahi kumfanya mtu aonekane alikamatwa kabla ya maandamano anayodai ndiyo yaliyomkamatisha. Usipojua tarehe kamili, usiibuni. Tumia nguzo ambazo hazisogei: "siku tatu baada ya uchaguzi wa 28 Oktoba 2020", "wiki ya kwanza ya Ramadhani", "kabla shule hazijafunguliwa". Tarehe iliyobuniwa husahaulika. Nguzo hukumbukwa hata baada ya miaka sita ya kusubiri.

Jina nalo. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu. Mkongo ana jina, postnom (jina la pili linalofuata la ukoo) na prénom (jina la kupewa, kama la ubatizo), na kila karatasi huyapanga kivyake. Andika kama pasipoti inavyosema, kisha jaza kila umbo lingine kwenye nafasi ya majina mengine: lile la kadi ya chama, la cheti cha shule, hata la utani ambalo polisi walilitumia kukuita.

Watoto waandikwe wote: waliobaki nyumbani, wa nje ya ndoa, walioolewa, waliofariki. Asiyeandikwa leo huleta maswali mazito siku mzazi anapomwombea kuja kwa Fomu I-730, ambayo ina dirisha la miaka 2 tangu hifadhi kukubaliwa. Upande wa pili, mtoto wa marehemu kaka uliyemlea tangu ananyonya ni mwanao kwa mila, lakini kwa fomu si mwanao mpaka kuwe na kuasili kisheria. Akiandikwa kama wa kuzaa, kipimo cha DNA kitakuja kumgeuza mlezi kuwa mdanganyifu. Habari zake ziende kwenye maelezo, kwa maneno ya kweli.

Sehemu B: siasa ni nini hasa

Hapa kuna visanduku: rangi, dini, uraia, maoni ya kisiasa, kundi fulani la kijamii, na mateso. Unaweza kuweka alama zaidi ya kimoja, na kwa eneo letu mara nyingi inafaa. Mhutu au Mtutsi wa Burundi aliyesakwa na Imbonerakure, vijana wa chama tawala, anaweza kuwa anaandamwa kwa chama na kwa kabila pamoja, na mke wa mpinzani anaandamwa kwa kuwa mke wake.

Kosa kubwa kuliko yote kwenye sehemu hii ni sentensi moja ya kiungwana: "Mimi si mtu wa siasa." Kwetu kuitwa mwanasiasa ni kama kusemwa vibaya, kwa hiyo mtu aliyesimamia kura kituoni, akagoma kutia saini fomu ya matokeo bandia na akapigwa kwa hilo, anamwambia afisa hajihusishi na siasa. Kwa sheria hii, kukataa kutia saini ni maoni ya kisiasa. Hata asiye na maoni yoyote analindwa ikiwa mtesaji anaamini anayo, kama fundi cherehani anayeitwa mpinzani kwa sababu alishona fulana za chama. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba siasa ilikuwa walau sababu moja ya msingi ya madhara.

Sababu inathibitishwaje? Kwa maneno ya watesaji. Kila tukio liandikwe na vitu hivi: lini, wapi, nani na umejuaje kuwa ni wao (sare, gari, namba, sura uliyoijua), walifanya nini, walisema nini, iliishaje, na ulifanya nini baadaye. Watu wengi huandika kurasa mbili za kipigo na kusahau sentensi iliyotoka mdomoni mwa mpigaji: "utaacha lini kumchafua mheshimiwa." Sentensi hiyo ina uzito kuliko idadi ya viboko. Bila hiyo, afisa huweza kusema kilikuwa kisasi binafsi au ujambazi.

Nafasi za kuandikia ni finyu mno. Jaza jibu fupi, useme maelezo kamili yameambatishwa, kisha andika maelezo ya kiapo yenye aya zenye namba, kwa mpangilio wa wakati. Kurasa 6 hadi 12 zinatosha visa vingi. Swali la kushikiliwa na kukamatwa linahusu familia pia, na swali la vyama linahusu kila kitu: jumuiya ya wanafunzi, chama cha wafanyakazi, kwaya ya kanisa kama ilikuwa na uongozi, mgambo. Ukithibitika uliteswa zamani, kanuni inachukulia kwamba hofu ya kesho ipo, na serikali ndiyo yenye mzigo wa kuonyesha kwamba mambo yamebadilika.

Kiswahili kinapokugeuka

Hakuna maelekezo rasmi ya fomu yanayozungumzia hili.

Saa kwanza. "Walikuja saa nne usiku" ni saa 10 ya Kizungu. Mkalimani aliyezaliwa Ohio anaweza kuitafsiri 4. Mambo huzidi kuchanganyika kwa Wakongo, kwani mzungumzaji wa Bukavu au Lubumbashi mara nyingi huhesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa. Kwenye usaili sema kwa mwanga: giza lilikuwa limeingia, watoto wamelala, adhana ya alfajiri bado. Kisha taja saa na useme ni ya hesabu gani.

Baba mdogo. Kwenye Sehemu A baba yu hai, kwenye maelezo "baba aliuawa 2016". Marehemu alikuwa mdogo wake baba. Ndugu, kaka, mama mkubwa, bamkwe, wote watajwe kwa uhusiano wa damu au wa ndoa: "mtoto wa dada yake mama". Inachosha, lakini inaokoa.

Kiambishi "a-" hakina jinsia. "Alinipigia simu akaniambia nikimbie" kitageuzwa kuwa mwanamume au mwanamke kwa kubahatisha, na mkalimani wa pili atabahatisha tofauti. Taja mtu kwa cheo au uhusiano kila mara. Mkono na mguu nazo hazitenganishi kiganja na bega, wala wayo na paja. Kovu lielezwe mahali lilipo hasa, kwa sababu daktari atalipima.

Halafu kuna kukamatwa, kushikiliwa, kutekwa, kufungwa na "kuchukuliwa". Kwa Kiingereza ni mambo tofauti kisheria. Mtu aliyeingizwa kwenye gari lisilo na namba na watu wasiojulikana, akalala siku tatu kwenye nyumba, ametekwa. Akiandika amekamatwa, ataulizwa kituo gani, kesi namba ngapi, dhamana ilikuwaje, na atakosa jibu. Chagua neno moja kwa tukio moja na ulishikilie kwenye karatasi zote.

Karatasi za nyumbani

Afisa wa hifadhi anajua kadi ya chama inaweza kununuliwa, na barua za makatibu wa wilaya zinazofanana neno kwa neno zimewahi kumfikia. Barua yenye thamani ni ile inayotaja tukio mahususi aliloliona mwandishi mwenyewe, na kuambatishwa nakala ya kitambulisho chake.

Hospitali ndiyo panapohitaji maelezo zaidi. Tanzania, majeruhi wa kipigo hudaiwa PF3, fomu ya matibabu kutoka polisi. Kenya kuna P3. Aliyepigwa na polisi haendi kuomba PF3 kwa polisi. Kwa hiyo hana cheti, au ana karatasi ya zahanati binafsi inayosema "ajali ya bodaboda". Kwa afisa asiyejua utaratibu huu, cheti kama hicho ni ushahidi kwamba mwombaji ni mwongo. Elezea aya nzima kwa nini karatasi haipo au inasema hivyo. Vivyo hivyo namba ya RB au OB, yaani ya taarifa iliyoandikishwa polisi: kama hukuripoti, sema kwa nini kuripoti kungekuwa kujipeleka.

Makovu na usingizi uliopotea vinaweza kupimwa Marekani na daktari aliyefunzwa kufuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa kimataifa wa kuchunguza na kuandika dalili za mateso. Shirika la Physicians for Human Rights lina mtandao wa madaktari wa kazi hiyo, na kwa kawaida wakili ndiye anayewaomba. Kila hati isiyo ya Kiingereza iwe na tafsiri kamili na tamko lenye saini ya mtafsiri kwamba ni sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Ujumbe wa vitisho wa simu upigwe picha ukionyesha namba na tarehe, na simu yenyewe isiuzwe.

Sehemu C inazama kuliko inavyoonekana

Je, ulipita au kuishi nchi nyingine? Wengi wamepita Nairobi, Kampala, Johannesburg au Brazili. Andika zote na hadhi uliyokuwa nayo. Kadi ya ukimbizi ya Uganda au makazi ya Kakuma haifungi mlango peke yake, lakini ofa ya ukaazi wa kudumu katika nchi nyingine huweza kuufunga. Ukiwa na sababu ya kuiogopa nchi ya kupitia, iandike hapohapo. Hili si la nadharia: Marekani ilifikia makubaliano na Uganda mwaka 2025 ya kupokea waomba hifadhi wa mataifa mengine, na wanasheria wa serikali wamekuwa wakiwaomba majaji kufunga maombi ili watu wapelekwe nchi zenye makubaliano ya aina hiyo. Mnyarwanda au Mkongo aliyewahi kufuatwa Kampala asisubiri kuulizwa.

Swali la kushiriki kudhuru wengine linawahusu hata makarani na madereva wa jeshi. Na kwa mtu wa Kivu kuna mtego wa "msaada" kwa vikundi vyenye silaha: hela iliyotolewa kwenye kizuizi cha barabarani, gunia la muhogo, kulazimishwa kubeba mizigo. Sheria huweza kuuita msaada kwa magaidi. Upo msamaha kwa aliyeshurutishwa, lakini jaji wa uhamiaji hana mamlaka ya kuutoa. Hutolewa na wizara ya usalama wa ndani. Usifiche. Andika na neno la kulazimishwa liwepo, pamoja na kilichowapata waliokataa. Hapa wakili si anasa. Orodha ya mawakili wa bure au wa bei nafuu hutolewa na mahakama za uhamiaji, na pia wapo wawakilishi wasio mawakili waliothibitishwa na Wizara ya Sheria.

Mkalimani na saini

Mahakamani mkalimani analetwa na mahakama. Kwenye ofisi ya hifadhi, tangu 13 Septemba 2023, mwombaji analeta wake: awe na miaka 18 au zaidi, asiwe wakili wako, shahidi wako wala mtumishi wa serikali unayoikimbia. Mjomba anayejua Kiingereza cha kazini si chaguo zuri, hasa kwa mwanamke ambaye ndani ya kisa chake kuna jambo ambalo hawezi kulisema mbele ya mjomba. Mchukue anayejua lahaja yako, mpe maneno magumu siku moja kabla, na mkubaliane kwamba asipoelewa aseme, asijaze.

Sehemu E ni ya aliyekuandalia fomu, asipokuwa mke, mume, mzazi au mtoto wako. Wakala anayepokea dola 800 na kukataa kusaini hapo ameshakwambia anachokifikiria kuhusu kazi yake. Wengine huuza kisa kilekile kwa watu kumi, na mwenye kisa cha kweli hubambikwa cha kuazima. Ombi likibainika kuwa la uongo wa makusudi, adhabu ni kufungiwa manufaa ya uhamiaji Marekani kwa maisha, na anayefungiwa ni aliyesaini Sehemu D.

Kabla ya kutuma, somewa fomu yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, na ubaki na nakala kamili. Ukihama, USCIS wajulishwe kwa Fomu AR-11 ndani ya siku 10. Kesi ikiwa mahakamani, kuna Fomu EOIR-33 ndani ya siku 5. Barua ya wito iliyokwenda anwani ya zamani huhesabiwa kuwa imekufikia. Na siku ya usaili, mwanzoni kabisa, afisa huuliza kama kuna cha kurekebisha. Hapo ndipo pa kutoa makosa yote uliyoyagundua, hata ya jina la shule, kwa sababu kosa ulilolitaja mwenyewe ni sahihisho, na alilolikuta afisa ni mkanganyiko. Marekebisho hupewa namba moja moja kwa kalamu, na Sehemu F itakutaka usaini kwamba unayajua: yahesabu na usomewe kila moja kabla ya kusaini.